Majibu ya Kopo Tupu

Bango bado ninalo. Limelala karakana kwangu, uso chini, nimepanga makopo ya rangi juu yake, na mteja akilikanyaga simwambii kitu. Ukiligeuza utasoma CHUMBA CHA VIPAJI, herufi za bluu zenye kivuli cha njano, kazi safi kuliko zote nilizowahi kuzifanya kwa mkono huu. Watu wananiambia, "Hoja, sahau. Mambo yameshapita." Yamepita kwao. Kichwa changu hakina mlango wa nyuma, kilichoingia hakitoki.

Hoja ndilo jina nililopewa mtaani, kwa sababu hakuna mkutano ambao sijanyoosha mkono. Kamati ya maji ilinitoa, kamati ya shule ikanitoa, na kwenye kikao cha posa ya mdogo wangu nilitolewa nje nikaendelea kuongea dirishani. Kazi yangu ni kuandika mabango: maduka, saluni, kuta za shule, na wakati mwingine vitambaa vya maandamano, hivyo vya mwisho kwa raha zangu mwenyewe. Darasani sijawahi kukaa. Nilijifunza kusoma mezani kwa mama, na hapo ndipo pa kuanzia, maana bila meza ile hutaelewa usaliti wenyewe ulikaa wapi.

Mama alikuwa mshonaji wa magodoro. Watoto tulikuwa wengi, nafasi ya shule ikapatikana moja. Basi mama akatoa sheria: mmoja ataenda kwa niaba ya wote, na akirudi, kabla hajagusa sahani yake, atatuambia alichojifunza. Chote. Nakumbuka amesimama na sahani mkononi, mfuniko juu, mvuke unachungulia pembeni, anasema neno moja tu: "Sema." Ukisema, unakula. Ukijua kitu ukakificha, basi shiba kitu hicho. Aliyesamehewa ni mgeni peke yake. Mgeni haulizwi, anapewa chakula na kuachiwa siri zake.

Aliyekwenda shule si mimi. Alikwenda Kijiko.

Kijiko na mimi hatukutoka tumbo moja. Tulinyonya ziwa moja. Mama yake, jirani yetu, alifariki yeye bado mchanga kabisa, na mama yangu akamchukua, akatugawia, huyu kushoto huyu kulia. Alipoanza kutambaa hakuachia kijiko mkononi, alikishika kama askari na rungu lake, jina likaganda. Siku ya kuchagua wa kwenda shule mama hakufikiri mara mbili. "Yatima atangulie," alisema, "watu wasije wakapata la kusema." Nikasogea pembeni. Sikulia. Yaani nililia, lakini chooni.

Na sitamdhulumu: alifundisha vizuri. Kila herufi ninayoichora leo niliipokea kwake, wote wawili tukiwa na njaa, chakula kinapoa. Nilipokosea alisema, "Kaka, a ina tumbo, usiibane." Hadi leo a zangu zina tumbo. Nenda mjini ukaangalie.

Akasoma, akaondoka, akasoma tena huko ng'ambo, miaka ikapita. Mama akazeeka, macho yakaingia ukungu, lakini sheria yake haikuzeeka. Ilihamia kwa watoto wa mtaa mzima, kwa sababu mchana wazazi wako kazini na watoto wanashinda barazani kwake. Ukitoka shule, unaketi, mama anauliza, unasema, unakula. Mtoto wa kinyozi aliwahi kurudi hajajifunza chochote, akaogopa, akatunga kwamba nyangumi ni aina ya paka. Mama akamwambia, "Uongo huo umeupamba. Kula nusu."

Katika watoto hao alikuwepo Mchwa, binti wa mdogo wangu. Tulimwita Mchwa kwa sababu hakuna kitu alichokipita kikabaki kizima. Alifungua redio, akafungua kufuli, akafungua cherehani ya mama na kuirudisha, ikashona vizuri kuliko mwanzo. Siku moja nilikuwa nahangaika kuandika kwenye kona ya ukuta, brashi haifiki. Mtoto akaondoka, akarudi na mswaki wa zamani ameukunja shingo kwa moto na kuufunga waya. "Jaribu hii, mjomba. Inapinda kama wewe ukiulizwa swali." Nikajaribu. Ikafika.

Basi Kijiko akarudi. Sasa ni Daktari, si wa sindano, wa utafiti. Watu walisimama milangoni kumwona. Alipoingia kwa mama, tukamwandalia kiti cha mgeni na chakula cha mgeni. Akakikataa kiti. Akakaa chini pale pale alipokuwa akikaa, akaisukuma sahani pembeni, akasema, "Mama, bado sijasema."

Mama alicheka hadi akashika mbavu. "Huyu bado wa kwetu!"

Akasema. Alisema anachunguza watoto wenye vipaji na ubunifu, kwamba shule nyingi hupima anayekumbuka na kumsahau anayebuni. Wakubwa wa elimu wamekubali kufungua darasa maalumu, chumba chenye vifaa vya kila aina na walimu wake, na kitajengwa kwenye shule moja kati ya mbili: yetu, au ile ya upande wa pili wa barabara kuu, ambako watoto hushushwa kwa magari. Watapimwa watoto wa shule zote mbili. Darasa litakwenda penye ubunifu zaidi.

"Unaupimaje ubunifu?" nikamuuliza. "Kwa kilo?"

"Namwonyesha mtoto kitu. Kopo tupu, tuseme. Namwambia ataje kazi zote za kopo anazoweza kuzifikiria. Wote watasema la kunywea maji, hilo halina alama. Jibu linalotolewa na wengi halina alama. Lakini akitokea mmoja akataja kitu ambacho hakuna mwingine aliyekitaja, huyo ndiye."

"Yaani alama ni kuwa peke yako," nikasema.

"Ni kuwa wa kwanza, kaka."

"Hujasema wa kwanza. Umesema peke yako."

Mama akanipiga kofi la goti. "Hoja, mwache mwenzako ale!"

Akala. Kisha akanivuta pembeni. Wazazi wa mtaa, akasema, hawataki watoto wao wapimwe. Walishapimwa damu, walishapimwa urefu, walishapigwa picha, na hakuna aliyerudi kuwaambia kitu. "Wewe wanakusikiliza. Wape neno lako." Nikawapa. Nilizunguka mlango hadi mlango. Kinyozi alisita, nikamwambia, "Huyu si mtafiti wa watu, ni Kijiko!" Muuza mkaa alisita, nikamwambia, "Nakuwekea dhamana ya ziwa la mama yangu." Nilisema hivyo. Kisha nikarudi karakana, nikachagua ubao mzuri, nikaanza kuandika bango kabla hata mtihani haujafanyika. Mchwa ndiye aliyenichanganyia ile bluu.

Siku ya mtihani nilikuwa shuleni, ngazini, napaka upya jina la shule kwenye ukuta wa mbele. Daktari alikaa na kopo lake kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, wanaingia mmoja mmoja. Wa kwanza kuitwa akawa Mchwa. Alikaa humo muda mrefu. Mara nikamsikia Kijiko akicheka, kile kicheko chake cha zamani cha kukoroma puani.

Mchwa akatoka. Wenzake walikuwa wamekaa chini ya ukuta kusubiri zamu. Unadhani walimwambia nini?

"Sema!"

Naye akasema. Alisema kwa sababu ndivyo tulivyomlea, kwa sababu kwetu anayetoka na kitu moyoni akakinyamazia ni mchoyo, na mchoyo hana sahani. Kopo, alisema, unaweza kuuvalisha mguu wa meza na kulijaza maji, siafu wasipande. Unaweza kulifunga mlangoni liwe kengele ya mwizi. Unaweza kulitia kokoto na kulivingirisha mbele ya mtoto anayejifunza kutambaa, alifuate. Unaweza kuliacha nje, asubuhi ujue kama usiku mvua ilinyesha au uliota. Unaweza kulibandika ukutani umsikilize jirani. Unaweza kumtupia mtu mwenye hasira apate cha kupiga teke. "Na unaweza kumpa mjomba Hoja aongee humo ndani, halafu unafunika!"

Watoto wakaangua kicheko, nami huko juu nikacheka nusura niteleze ngazini. Kijiko alikuwa amesimama mlangoni kuita wa pili. Alisikia kila neno. Akanitazama juu, akatikisa kichwa akitabasamu.

"Bado mnasema tu?"

"Tuache kwa nini?"

Akaingia ndani, na wa pili akaitwa.

Wala sikuwaza kitu. Nilikuwa namalizia tumbo la a.

Matokeo yalisomwa kwenye mkutano wa walimu na wazazi, ukumbini, mbele ya ofisa wa elimu mwenye koti zito kuliko hali ya hewa. Daktari alisoma kwa sauti nzuri. Watoto wa shule ile ya ng'ambo ya barabara, akasema, walitoa majibu tofauti tofauti. Watoto wa kwetu walitoa majibu yale yale. Siafu na mguu wa meza, mtoto kwa mtoto. Kengele ya mwizi, mtoto kwa mtoto. Hata "mjomba Hoja", darasa zima. Hii inaonyesha, akasoma, mwelekeo wa kuiga unaotokana na maisha ya msongamano, ambapo mtoto hapati nafasi ya kufikiri peke yake. Darasa maalumu litakwenda ng'ambo ya barabara.

Mchwa, kwa hesabu yake, alipata sifuri. Kila alichokibuni kilikuwa kimeshasemwa na wengi.

Nilitazama huku na huku. Wazazi walikuwa wameinamisha vichwa kama watu waliosomewa makosa. Kinyozi akaninong'oneza, "Hoja, ziwa la mama yako limechacha."

Kesho yake nilimfuata Kijiko ofisini. Chumba baridi, meza ya kioo, na juu ya meza lile lile kopo. Akainuka.

"Kaka, karibu. Kaa."

"Nasimama. Ulijua?"

Hakujifanya hajaelewa, hilo nampa. Alilichukua kopo, akaligeuza geuza. "Nilijua siku ile ile."

"Basi?"

"Basi nini? Nikisema kipimo kimeharibika, watauliza nani aliyekiacha kiharibike. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni. Mimi ndiye niliyecheka. Utafiti wote ungetupwa, na jina langu nalo."

"Ukaona afadhali watupwe watoto."

"Usikuze mambo. Nimeandika wanaiga. Kwani hawakuiga?"

"Walifundishana! Wewe ulikula kwa kitu gani utoto wako wote? Nani aliyekuambia mtoto anayegawa akili yake ni kwa sababu hana nafasi ya kufikiri?"

"Huko nilikosoma nilitafuta jina la kile alichokuwa anafanya mama. Sikulipata, kaka. Vipimo vyetu vinampima mtu mmoja mmoja."

"Ungekipa jina wewe. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yako. Mama alikupeleka shule ukakipe jina."

Nadhani hilo lilimchoma, maana alilishusha kopo taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Akasema, "Nitamchukua Mchwa. Nitampima tena peke yake, ataingia lile darasa. Nafasi ipo. Lakini uache kelele. Ukisimama mkutanoni, sitaweza kumsaidia hata yeye."

"Darasa ni la mtaa."

"Darasa limeshakwenda. Aliyebaki ni mtoto mmoja, na ni damu yako."

"Na wewe ni nani yangu?"

Nikatoka nikiwa sioni ngazi.

Ofisa wa elimu alikuwa ameacha mlango wazi kidogo: mwenye pingamizi alilete kwenye mkutano wa mwisho, kwa ushahidi. Ushahidi ninao, nilijiambia. Mchwa atasimama, ataulizwa, atasema majibu ni yake na aliwapa wenzake, na kipimo kitarudiwa, safari hii kila mtoto kwa kitu chake. Nilimwambia mdogo wangu. Yeye hupiga pasi kwa dobi, husimama kutwa kwenye mvuke, na jioni mikono yake huwa kama imepikwa. Alinisikiliza bila kuinua uso.

"Umesikia, mdogo wangu?"

"Nimesikia, kaka."

Sikumwambia habari ya nafasi ya Mchwa. Kumbe hakuhitaji kuambiwa na mimi.

Mkutanoni nilinyoosha mkono. Watu wakaguna, "Hoja huyo!" lakini kwa matumaini, nilisikia kabisa. Nikaeleza. Nikaeleza sheria ya mama, nikaeleza ukuta na ngazi, nikasema majibu yote yalitoka kichwa kimoja, na kichwa hicho hiki hapa kimekaa safu ya pili. Kinyozi akaruka juu: "Kweli! Wangu kaniambia kaambiwa na Mchwa!" Muuza mkaa naye: "Na wangu!"

Ofisa akainua mkono. "Kuambiwa ndiko tunakokuita kuiga, wazee wangu. Mwenyewe yupo? Mzazi wake?"

Mdogo wangu akasimama. Alikuwa amevaa gauni lake la ibada. Nikatabasamu, nikamwonyesha kwa mkono kama mtu anayemkaribisha jukwaani.

"Mwanangu alifanya mtihani wake akatoka," alisema. "Hakumwambia mtu kitu. Kaka yangu anapenda maneno, wote mnamjua."

Ukumbi ukacheka. Si wote. Waliocheka walicheka kwa kujikinga, kama watu wanaokwepa mvua.

Ndipo nikaviona viatu vya Mchwa. Vyeusi, vipya, na soksi ndefu za kijani. Shule yetu haina soksi za kijani. Mtoto alikuwa anavitazama viatu hivyo kana kwamba vimeandikwa kitu anachojaribu kukisoma. Kijiko, kule mbele, alikuwa anaangalia dirisha.

Nilibaki nimesimama. Mtu anayeitwa Hoja, mdomo wazi, hana neno. Ofisa akasema, "Tuendelee," wakaendelea.

Nilimkuta mdogo wangu nje, kwenye bomba.

"Amekununua kwa soksi," nikamwambia.

"Usiniite bidhaa, kaka."

"Umeuza watoto wa mtaa mzima!"

Akanigeukia. Macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Wewe una mtaa. Mimi nina mtoto mmoja. Mtaa wako haujawahi kunipigia pasi hata shati. Ulipotolewa kila kamati, nani alikula hasara? Unataka Mchwa naye akae ngazini aandike majina ya shule asizosoma?"

Lile la ngazi lilipenya. Nalikumbuka kila neno, na pumzi aliyovuta katikati.

"Mama angekupeleka wewe," akaongeza kwa sauti ya chini, "ungekataa?"

Sikumjibu. Sijamjibu mpaka leo, na tunaishi nyumba zinazotazamana.

Mchwa akaanza shule ya ng'ambo ya barabara. Wiki ile ya kwanza watoto wote walikuwa barazani kwa mama mapema kuliko kawaida, hata wakubwa waliokwisha kuacha kuja. Walitaka kujua kuna nini ndani ya kile chumba. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni najifanya nasafisha brashi. Nilimkasirikia mama yake, nilimkasirikia Kijiko, lakini kwa mtoto nilikuwa na tumaini moja dogo la kijinga: hata wakimchukua, ataturudishia. Atasema. Chumba kile kitavuja kupitia mdomo wake, jibu kwa jibu, hadi barazani.

Akaja. Akavua viatu, akavipanga vizuri, akakaa na soksi zake za kijani.

"Sema, Mchwa!" wakapiga kelele. "Kuna mashine? Mmefanya nini? Sema!"

Akaangalia chini. "Tumeambiwa tusiseme."

"Na nani?"

"Mwalimu. Amesema wazo lako ni lako. Ukiligawa linakuwa la kila mtu, na la kila mtu halina alama. Tena tulipewa kopo. Nimepata mengine mapya. Mengi. Lakini siwezi."

Mtoto wa kinyozi akamwambia, "Hata moja? Lile baya kuliko yote?"

Akatikisa kichwa.

Mama alikuwa amesimama, sahani mkononi, mfuniko juu. Hamwoni mtu vizuri siku hizi, anafuata sauti. Akasogea hadi mbele ya mjukuu wake.

"Sema, mama."

Mchwa akavuta soksi zake juu. Mama akasubiri kama alivyomsubiri Kijiko zamani, mchana baada ya mchana. Kisha akaufunua mfuniko, akaiweka sahani mbele ya mtoto, na kwa mkono mwingine akapapasa mkeka, akausafisha pale alipokaa.

"Mwacheni ale," alisema. "Mgeni haulizwi."

Watoto wakatazamana. Halafu wakasogea, mmoja huku mmoja kule, wakampa nafasi kubwa kuliko aliyoihitaji.